Kufuatilia poti zilizo wazi kwenye kikoa: jibu kwa ndugu wa Shela

Ndugu wa Shela, umeuliza utajuaje poti zipi (milango yenye namba ambayo huduma hupokelea mawasiliano) ziko wazi kwenye kikoa, yaani jina la mtandaoni, cha nyumba yako ya wageni: tovuti, barua pepe, na ruta ya MikroTik yenye kamera nyuma yake. Kupiga skani, yaani kubisha kila poti uone ipi inajibu, ni rahisi. Ugumu uko kwenye kujua upige anwani zipi, na jana hali ilikuwaje.

Anza na rekodi za DNS, zinazounganisha jina na anwani zake: za A (anwani za IPv4) na za AAAA (anwani za IPv6, mfumo mpya zaidi). Watu hufunga IPv4 wakasahau IPv6. Majina ya zamani yatafute crt.sh, tovuti inayoorodhesha vyeti vya usalama vilivyotolewa kwa kila jina; "test" na "old" huibukia hapo. Kisha hakiki kila anwani ni yako. Tovuti iliyo nyuma ya Cloudflare (kampuni inayopokea wageni wa tovuti kwa niaba yako) itakuonyesha poti za Cloudflare. Na ruta yako ikiwa na anwani ya WAN (ya upande wa intaneti) kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, anwani ya nje mnaichangia wateja wengi, kwa hiyo utakuwa unabisha mlango wa mtoa huduma. Usiipige.

Piga kwa programu ya nmap kutoka nje, kwenye seva ndogo ya kukodi, si kwenye Wi-Fi ya hapo hapo:

nmap -Pn -p- --max-rate 200 -iL orodha.txt -oX leo.xml

Hapo orodha.txt ni anwani zako, leo.xml ni matokeo, na --max-rate 200 ni pakiti zisizozidi 200 kwa sekunde. (IPv6 iendeshe peke yake, kwa -6.) Usiache -p-. Bila hiyo nmap hupima poti 1,000 tu kati ya 65,535, na 6379 ya Redis, 27017 ya MongoDB (zote hifadhidata) na 37777 ya kamera za Dahua hazimo. -Pn ni kwa sababu ruta isiyojibu ping huhesabiwa imezimwa. Kwa kasi hiyo anwani moja huchukua dakika tano na nusu kwa uchache. Faiawoli inayonyamaza huongeza muda, maana nmap hurudia. Usiharakishe ovyo: pakiti zikipotea, poti iliyo wazi huonekana "filtered" (imezuiwa), kesho ikirudi unashtuka bure.

Poti za UDP, aina nyingine ya mawasiliano ambayo amri ya juu haiipimi, chagua chache: -sU -p 53,123,161,1900. Ukitaka zote, mashine ya Linux hujibu poti iliyofungwa mara moja hivi kwa sekunde, yaani zaidi ya saa 18.

Kila usiku cron (kiendesha kazi kwa ratiba) ibadilishe jina la leo.xml ya jana liwe jana.xml, ipige skani, kisha iendeshe ndiff jana.xml leo.xml, inayolinganisha matokeo mawili. Ikirudisha 0 hakuna kipya. Ikirudisha 1 ikutumie ujumbe. 2 ni hitilafu, nayo usiipuuze.

Poti mpya ikitokea kwenye seva, amri ya ss -tulpn itakutajia programu iliyoishika. Mara nyingi ni Docker (huendesha programu ndani ya makontena): ukiandika -p 3306:3306 inaipita kando ufw, faiawoli ya seva, hata kama ufw inasema imefunga. Andika 127.0.0.1:3306:3306, poti ibaki ndani ya seva yenyewe. Kwenye MikroTik zima telnet, ftp, www na api, halafu Winbox (programu ya kusimamia ruta) ibaki ya ndani tu:

/ip service set winbox address=192.168.88.0/24

Badilisha hiyo 192.168.88.0 kama mtandao wako ni mwingine, la sivyo utajifungia nje mwenyewe. Kamera usizifungulie poti kabisa. Ziangalie kwa VPN, njia ya siri ya kuingia mtandao wako ukiwa mbali.