PS4 usiiuze kwa presha ya GTA VI
Mkuu wa Igoma, umeuliza kama uuze PS4, mashine yako ya gemu, sasa hivi uanze kudunduliza PS5 ya kuchezea gemu jipya la GTA VI. Kwamba kwenye PS4 haiji, kweli: Rockstar, watengenezaji wake, wametangaza PS5 na Xbox Series tu, 19 Novemba 2026, na tarehe wameshaisogeza mara mbili. Ukiuza leo, mpaka hapo utacheza nini? Gemu la mpira la FC 26 bado linapiga kwenye PS4.

Hela ikipatikana, chukua PS5 yenye sehemu ya CD. Ile isiyo nayo inakulazimisha kupakua kila gemu, na kwa bando hizi utalia. CD ukiimaliza unabadilishana na wana.

Ukiikuta iliyotumika pale Makoroboi, hapa Mwanza, usilipe haraka. Cheza nusu saa nzima, sikiliza feni. Mulika matundu ya hewa kwa tochi ya simu. Zilizotoka kwenye vibanda vya gemu huwa na vumbi, na hapa kwetu hata wale wadudu wa ziwani. Kisha weka padi mezani bila kuigusa. Mchezaji akianza kutembea mwenyewe, analogi (kile kijiti cha kuongozea) imechoka: muuzaji ashushe bei, au uondoke.