Maji ya Pune

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama ubaguzi wa matabaka nchini India umeamriwa na maandiko ya Wahindu au ni mila tu iliyovishwa vazi la dini, kwa kuwa mwenzako wa kazini amekuapia kwamba vitabu hivyo havina kosa. Unajua nilikaa Pune, mji wa huko India, miaka minne ya masomo, lakini nililojifunza huko lilihusu maji ya kunywa.

Mwaka 1986, katika nyumba niliyopanga, alikuja mwanamke kila alfajiri kusafisha vyoo. Alipoomba maji alikinga viganja, na mama mwenye nyumba akammiminia kutoka juu ili chombo kisimguse. Siku moja ya joto la Aprili, mwenye nyumba ametoka, mwanamke yule aliniomba mimi. Nilijaza kikombe changu, nikatazama mlangoni, kisha nikammiminia viganjani. Mimi, binti wa Tanga ambaye hakuna aliyewahi kunisomea hata mstari mmoja wa Veda, maandiko ya kale ya Wahindu! Ndiyo maana nyumbani kwetu hapana kikombe cha msaidizi, jambo ambalo dada yako huliita ukaidi, na ndiyo maana nasema siku zote kwamba andiko halishiki kata ya maji. Anayeishika ni mtu.

Hata hivyo, nikisema hivyo najisikia kama ninayewapunguzia waandishi mzigo wao, kwani mkono wa mwenye nyumba ulifundishwa na nani? Rigveda, mojawapo ya hizo Veda, ina wimbo unaomfanya Brahmin, mtu wa tabaka la juu la makuhani, kinywa cha Purusha, yule mtu wa kwanza ambaye mwili wake ulifanywa ulimwengu, na kumtoa Shudra, mtu wa tabaka la chini la watumishi, miguuni mwake. Mwenzako atakujibu kwa Gita, andiko jingine takatifu, mlango wa nne, ambapo mungu Krishna anasema ameyaumba matabaka manne kwa kadiri ya sifa na matendo, bila kutaja kuzaliwa, na hapo hajakosea. Manusmriti, kitabu cha kale cha sheria za Wahindu, hataitetea kwa wepesi huo, maana humwadhibu mwilini Shudra aliyemtukana Brahmin, na Brahmin aliyemtukana Shudra humtoza faini ndogo.

Tena kuna Mahad, mji wa magharibi mwa India. Machi 1927 Dkt. Ambedkar, mzaliwa wa jamii ya Mahar iliyohesabiwa najisi, aliwaongoza watu wake kunywa maji ya birika la umma la mji huo, nao watu wa matabaka ya juu wakalitakasa kwa samadi na mkojo wa ng'ombe, huku makuhani wakisoma mantra. Desemba 25 ya mwaka huohuo, palepale Mahad, yeye na wenzake waliichoma moto Manusmriti. Andiko halishiki kata, ndiyo, lakini msomi yule hakuliona halina hatia. Katiba ya mwaka 1950, ambayo yeye mwenyewe aliongoza kamati ya kuiandika, ilipiga marufuku utengano huo katika ibara ya 17, na miaka 36 baadaye mwanamke yule alikuwa bado anakinga viganja.

Hukumu ya vitabu nakuachia, ingawa ulimi unaniwasha, kwa sababu sikuvisoma kwa Kisanskriti wala si muumini wake. Kuhusu siku ile ya Aprili, nilipotazama mlangoni hapakuwa na mtu.

Mama yako