Mbao yenye matundu kwa shingo ya gitaa

Ndugu, umeuliza kama fremu ya mlango wa zamani, iliyotobolewa na wadudu, inafaa kuchonga shingo ya gitaa la umeme. Inafaa, ikiwa imekauka na haimong'onyoki. Bonyeza kwa ukucha. Ukiona unga unadondoka, iache.

Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya roki ya Queen, na baba yake, Harold, walianza kutengeneza gitaa lake mwaka 1963 huko Uingereza. Shingo waliichonga kutoka ubao wa meko ya kale, na matundu ya wadudu wakayaziba kwa njiti za kiberiti! Springi za mkono wa kuyumbisha sauti zilitoka kwenye valvu za pikipiki, alama za shingoni za kuonyesha pa kubonyeza ni vifungo vya mama yake. Iliwachukua kama miaka 2, na gitaa hilo ndilo alilolipiga zaidi miaka yote.

Ila usisahau fimbo ya chuma ndani ya shingo. Nao waliiweka, maana nyuzi huvuta sana.