"Paa" ni neno moja au manne?

SWALI: Asalaam alaikum. Mimi ni mwalimu hapa Lamu, mtaa wa Langoni. Na wanafunzi wangu tunakusanya maneno ya Kiamu, lahaja yetu ya hapa, kwenye jedwali la kompyuta, tuje tuyafanye kamusi ndogo ya simu. Tumekwama kwenye "paa". Yuko paa wa mwituni, liko paa la nyumba, kuna kupaa juu na kupaa samaki (kumtoa magamba). Wengine wameandika mstari mmoja wenye maana nne, wengine wanataka mistari minne. Tufuate upi?

JIBU: Waalaikum salaam, mwalimu. Mistari minne. Ila msigawe kwa kuwa maana ni nne. Wingi wa maana haugawi neno. Kinachogawa ni sarufi.

Anzeni na upatanisho. Paa huyu amekimbia, paa hawa wamekimbia. Paa hili linavuja, mapaa haya yanavuja. Ngeli mbali, wingi mbali, basi na mistari mbali. Vitenzi vijaribuni kwa kauli ya kutendwa: samaki amepaliwa magamba, sawa, lakini ndege haipaliwi, hupaa yenyewe. (Aliyepaliwa na maji ni kitenzi kingine kabisa, nacho kina mstari wake.)

Ndani ya mstari mmoja maana zinaweza kuwa nyingi tu. Ndege imepaa, moshi umepaa, bei ya kamba imepaa (kamba wa kuliwa, si ya kufungia): kitenzi ni kilekile, kwa hiyo zipeni alama a, b, c. Hapa ndipo wakusanyaji wengi huzidisha mistari bila sababu.

Kisha nyinyi wa Lamu mna kipimo ambacho wahariri wengi wa bara hawana, nacho ni sikio. Mwombeni mzee wa Kiamu aweke kiganja mbele ya mdomo, atamke paa wa mwituni, halafu paa la nyumba. Kwa yule wa mwituni pumzi itagonga kiganja. Kwa lile la nyumba haitagonga. Zamani majina ya kundi la yule mnyama yalianza na nazali, yaani sauti ya puani kama m au n. Mbele ya p, t na k nazali hiyo ilidondoka, ikaacha mpumuo, ndiyo hiyo pumzi inayogonga kiganja. Majina ya ngeli ya LI-YA hayakuwa nayo, kwa hiyo hayana cha kuacha. Ndiyo maana kaa wa baharini ana mpumuo na kaa la moto halina. Tahajia sanifu, iliyojengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya mjini Unguja, haiandiki tofauti hii, na kwa kamusi ya Kiamu hiyo ni hasara. Irekodini.

Lakini irekodini kwenye safu ya matamshi: p'aa, k'aa. Kidahizo, yaani neno linaloongoza mstari, kibaki "paa", kwa sababu mwenye simu ataandika "paa", na kidahizo chenye alama hatakipata. Isitoshe alama hiyo ina kazi yake tayari kwenye ng'ombe, na mashine ikipanga alfabeti huweza kuchanganya. Kuna wanaoandika h badala yake. Sishauri: t yenye mpumuo ingekuwa th, na th tunayo tayari kwenye thamani.

Jambo moja la kompyuta. Tarakimu ndogo za paa¹, paa² ni za kumwonyesha msomaji tu. Msizitumie kama kitambulisho cha mstari. Kesho mkipata "paa" ya tano mtapanga upya, na kila rejeo lililoelekezwa kwa paa³ litaangukia pasipo pake. Kila mstari upeni namba yake ya ndani, asiyoiona msomaji, isiyobadilika.

Mtakutana pia na "ndoo": ya maji, na ile ya "ndoo hapa". Zote mbili ziingie. Ya pili iwekeeni alama ya lahaja na rejeo la "njoo", ili mtoto wa Nakuru anayesoma asidhani ameitwa ndoo.