Keki ya sufuria bila karatasi ya kuokea

Dada, umeuliza utandike nini badala ya karatasi ya kuokea, na unaoka kwa sufuria na mkaa juu ya mfuniko. Usitandike kitu. Paka siagi au samli ndani yote, hasa pale chini panapokutana na ukingo, maana ndipo keki inapong'ang'ania. Nyunyiza kijiko cha unga wa ngano, zungusha sufuria unga ushike kote, kisha ipindue uigonge uliozidi utoke. Kwa keki ya chokoleti tumia unga wa kakao, isije ikatoka na mabaka meupe. Ikiiva, iache ipoe dakika 10 hivi, pitisha kisu pembeni, ndipo uitoe. Wengi huiharibu hapa kwa pupa tu.

Foili inafaa, ila nayo ipake mafuta. Jani la mgomba lililobabuliwa motoni likalainika ni zuri pia, ingawa huacha harufu yake (mimi naipenda).

Gazeti hapana, lina wino. Karatasi ya nta nayo usiguse, nta huyeyuka. Biskuti zenye siagi nyingi zipange tu kwenye trei.