Kabla hamjabishana kuhusu Memento, tafuteni daftari kwanza

Jumamosi iliyopita tulikuwa watano sebuleni kwangu, mimi na mke wangu, mdogo wake yaani shemeji yangu, na jamaa wawili niliosoma nao, tumeanza kuangalia ile muvi ya Memento saa mbili usiku, saa nne imeisha, na mpaka saa saba kasoro tulikuwa bado tunabishana, chai imepoa mezani hakuna hata anayeigusa. Hiyo ilikuwa mara yangu ya nne kuiona na mara ya tatu kuiona na watu, na zile mara mbili za mwanzo mjadala uliharibika kabisa, watu waliondoka wamenuniana. Safari hii ulinoga. Kwa hiyo nataka niwaambie tulichobadilisha, maana hii muvi naipenda sana na huwa inaniuma mtu akiiacha dakika ya ishirini eti haieleweki.

Kama hujaiona acha kusoma hapa hapa, kaione kwanza ndo urudi, huku nataja kila kitu.

Nianze na wanaoiacha njiani. Mimi mara ya kwanza niliwekewa kwenye flashi pale laibrari ya muvi mtaani kwetu, nikafika nyumbani nikafungua, naona mkono umeshika picha ya Polaroid, mtu kalala na damu ukutani, ule mkono unaitikisa picha ikolee na yenyewe inazidi kufifia tu, inafifia mpaka imebaki nyeupe, afu inarudi ndani ya kamera, bastola inaruka kutoka chini inaingia mkononi. Nikasema faili limeharibika hili. Nikarudi dukani kudai nibadilishiwe, kijana wa pale akanitazama akaniambia kaka hiyo ndo ilivyo, nenda katulie nayo. Namshukuru mpaka leo.

Ilivyo ni hivi. Leonard, ambaye Guy Pearce kamwigiza mpaka unamsahau Guy Pearce mwenyewe, alipigwa kichwani siku walipomvamia mke wake, na tangu hapo ya zamani anayakumbuka vizuri tu ila jipya halikai, dakika chache limeondoka. Anamtafuta mtu anayemwita John G., na kila anachokijua kakiandika kwenye picha za Polaroid, kwenye vikaratasi, na yale makubwa kachora tatuu mwilini. Sasa vipande vya rangi vinaenda kinyumenyume, kila kimoja kinaishia pale kile ulichotangulia kukiona kilipoanzia, na katikati yao vinaingia vipande vyeusi na vyeupe, yeye yuko chumba cha moteli anaongea na simu, hivyo vinaenda mbele kama kawaida. Njia mbili hizo zinakuja kukutana mwishoni, kuna picha ya Polaroid inakolea taratibu mkononi mwake na rangi ya muvi nzima inakolea nayo, na hapo ndo umefika katikati ya kisa chenyewe. Ukilijua hilo tu inatosha, usitafute maelezo zaidi kabla ya kuiona. Na usijaribu kuipanga kichwani wakati inaendelea, we fuata kipande kilichopo mbele yako, kila kinapoanza jiulize swali lile lile analojiuliza yeye, nimefikaje hapa. Kuna sehemu anakimbia, anamwona mtu naye anakimbia, anadhani yeye ndo anamfukuza yule, mpaka risasi ilipomjia ndo akajua yeye ndo anayefukuzwa. Wewe uliyekaa kwenye kochi ulikuwa hujui pia. Ndo maana Christopher Nolan, mwongozaji wake, akaigeuza, ili usijue zaidi ya Leonard.

Na hapa niseme kitu kuhusu Ghajini, ile muvi ya Kihindi, maana wengi wetu huku tuliiona ile ya Aamir Khan ya mwaka 2008 kabla hatujasikia habari za Memento, na ni kweli wazo la msahaulifu mwenye tatuu limetoka kwenye Memento. Naipenda Ghajini, nimelia nayo. Lakini ukija kwenye Memento na moyo wa Ghajini utapotea, kwa sababu kule steringi ni steringi, anapendwa, anaonewa, analipiza, na wewe unajua mengi kuliko yeye. Sisi tumekulia kwenye muvi ambazo steringi hafi na hakudanganyi. Akitokea mtu ana tatuu kifuani na mke wake kauawa, moja kwa moja tunamkabidhi imani yetu yote, hatuulizi. Shemeji yangu alimtetea Leonard saa nzima kwa hoja moja tu, kwamba ndo steringi. Sikumlaumu, nami nilifanya hivyo hivyo mara ya kwanza.

Kosa la pili, na hili nawasihi kabisa, ni kuanza na ile iliyopangwa sawa. Kuna toleo maalumu la DVD walificha humo muvi nzima ikiwa imepangwa kuanzia mwanzo wa kisa kwenda mwisho, na mtandaoni watu wamejipangia zao. Jamaa yangu mmoja alianza na hiyo, akaniambia ni muvi ya kawaida tu. Nikamuuliza vipi ile ya kalamu na Natalie, yule dada wa baa anayejifanya kumsaidia Leonard, akasema aah yule dada ni mbaya, basi. Yaani imempita hivi hivi. Sikiliza. Kwa mpangilio wa kweli wa muvi, wewe unamwona Natalie kwanza ana uso umevimba, mdomo umepasuka, anasema kapigwa na jamaa mmoja anaitwa Dodd, unamwonea huruma, Leonard naye anaapa atamshughulikia huyo Dodd. Umeshaamini. Afu kinakuja kipande cha kabla yake. Natalie anazunguka nyumba nzima anakusanya kalamu, moja moja, anazitia kwenye mkoba, taratibu kabisa, afu anaanza kumtukana Leonard na marehemu mke wake, maneno ya kutonesha, na anamwambia usoni kwamba nitakutumia na hutakumbuka. Leonard anampiga. Natalie anatoka nje, anaingia kwenye gari, anakaa. Leonard ndani anahangaika kutafuta kalamu, anajisemea jishikilie, jishikilie, unamwona jasho, droo zinafunguliwa, hakuna kalamu. Nje mlango wa gari unabamizwa, kashtuka, na limeshatoka kichwani. Natalie anarudi ndani na mdomo unavuja damu, anasema angalia Dodd alichonifanya.

Mke wangu alishika mdomo. Akasema mimi nimemwonea huruma huyu nusu saa nzima. Hicho ndo ambacho toleo lililonyooshwa linakunyima, kule unajua mapema kwamba anadanganya, huku unajikuta ulishadanganywa zamani.

Sasa daftari. Mara mbili zile mjadala uliharibika kwa sababu ya Sammy Jankis, msahaulifu mwingine ambaye Leonard anamsimulia muvi nzima. Kila mtu anapiga kelele Sammy alikuwepo, Sammy hakuwepo, na ukisikiliza vizuri kila mtu anatumia ushahidi wa aina tofauti bila kujua. Kwa hiyo Jumamosi nilichukua daftari la mistari, nikalifungua kurasa mbili, kushoto nikaandika TULICHOONA, kulia TULICHOAMBIWA. Sheria moja tu, hakuna hoja mpaka iwe imepewa ukurasa.

Kilichotokea kilinishangaza hata mimi. Habari nzima ya Sammy, kwamba alikuwa mteja wa bima Leonard akiwa mpelelezi wa madai, kwamba walimjaribu kwa vitu vyenye umeme waone kama atajifunza kutovishika, kwamba mke wake mwenye kisukari alimjaribu kwa kumwambia mara kwa mara muda wa sindano umefika na yeye akamchoma tena na tena mpaka akapoteza fahamu asirudi, yote ile inatoka mdomoni kwa Leonard. Picha tunaziona ndiyo, lakini ni picha za masimulizi yake. Ikaenda kulia. Maneno ya Teddy, yule polisi anayejifanya rafiki wa Leonard, pale mwishoni, kwamba Sammy hakuwa na mke, aliyekuwa na kisukari ni mke wa Leonard na alinusurika siku ile ya uvamizi, na John G. wa kweli alishauawa zamani, nayo kulia, maana Teddy naye ni mdomo tu. Jamaa aliyekuja amejiandaa kutwambia Teddy ndo msema kweli akakaa kimya kidogo.

Kushoto kulibaki vitu vichache, na ndo vizito. Leonard anachoma picha mbili kwa mkono wake. Anaandika nyuma ya picha ya Teddy usiamini uongo wake. Ananakili namba ya gari la Teddy ili ikachorwe tatuu, na tunamsikia akilini akijua kabisa anachokifanya. Kwangu mimi kesi ya Leonard inaishia hapo, iwe Sammy alikuwepo au hakuwepo. Alijichagulia mtu wa kumuua na akajiachia ushahidi wa kujidanganya kesho, kwa sababu bila John G. hana sababu ya kuamka asubuhi. Shemeji alikataa. Alisema Teddy amemtumia vya kutosha, na mtu aliyetumiwa ana haki ya hasira. Sina jibu zuri la kumpa hapo.

Katikati ya ubishi mke wangu akaleta habari ya bibi yake, mama mzaa mama, aliyekaa nao miaka yake ya mwisho. Alikuwa anauliza mumewe yuko wapi, wakimwambia babu alifariki analia upya, kama ndo anasikia leo, na baada ya chakula anauliza tena. Mwishoni wakaacha kumwambia, wakawa wanasema katoka kidogo. Sebule ilitulia. Nikawasimulia na mimi habari ya Henry Molaison, Mmarekani aliyefanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1953 kwa ajili ya kifafa na tangu hapo jipya halikukaa kichwani mpaka alipofariki 2008. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota akiutazama mkono wake kwenye kioo, siku hadi siku akawa anachora vizuri zaidi, na kila siku anaapa hajawahi kuifanya. Ndo maana jaribio la Sammy na umeme lina mashiko, kuna kujifunza kunakokaa hata kumbukumbu ikiwa imeondoka. Mkiwa na mtu aliyewahi kuishi na mgonjwa wa hali hii msiifanye muvi iwe fumbo tu, mwacheni aongee, mjadala utapata uzito wake.

Mengine ni madogo. Anayeiona mara ya kwanza ndo aanze kuongea, waliorudia wanyamaze kwanza, maana mkianza nyie mnamuibia. Simu mbali. Na mrudie ndani ya wiki mbili kabla vipande havijachanganyika.

Mkirudia, muwe macho pale Sammy amekaa kwenye kiti hospitalini. Mtu anapita mbele yake, na kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho aliyekaa pale ni Leonard. Tulirudisha nyuma mara sita. Shemeji anasema hiyo tumeiona, iende kushoto. Mimi nasema tumeiona ndiyo, lakini ndani ya kichwa cha nani? Tumeiandika kwa penseli, juu ya mshono wa daftari, nusu huku nusu kule.