Naweza kuikataa ile mashine ya uwanja wa ndege?

SWALI: Asalaam aleikum dada. Mimi ni mama wa miaka 61, niko Mombasa, mwezi ujao naenda Columbus, Ohio, binti yangu amejifungua. Naambiwa Marekani unaingizwa kwa mashine, unanyanyua mikono hivi, halafu mtu anakuona vile ulivyozaliwa. Nimejistiri maisha yangu yote. Nikikataa watanirudisha?

JIBU: Waaleikum salaam mama, na hongera ya mjukuu. Hawakurudishi kwa hilo. Kukataa kunaruhusiwa na mimi nishakataa mara tatu, lakini ukikataa utapapaswa, ulijue mapema.

Mara ya kwanza sauti ilinitetemeka. Nikamwambia askari sipiti, akaita mwenzake wa kike kwa kelele, nikawekwa pembeni miguu mitupu kama dakika 20 hivi, macho yote kwa mkoba wangu ulioshapita kwenye mkanda. Yule dada alipokuja akavaa glavu za bluu, akawa ananieleza kila anapotaka kugusa kabla hajagusa, na kwenye sehemu za siri anapitisha mgongo wa mkono, si kiganja. Mtandio, mgongo, kiuno, mapaja mpaka juu kabisa. Akamaliza akapangusa glavu kwa kijikaratasi akakitia kwenye kimashine cha kupima baruti, basi nikaachiwa. Sikupenda hata kidogo, ila alikuwa mwanamke na nguo zangu zilikuwa mwilini.

Kosa langu sikuomba chumba cha faragha. Wewe omba, ni haki yako, na ukiwa na mtu wako anaweza kuingia nawe.

Hayo ya kuonekana uchi si uzushi mama. Mashine zilisambazwa kwa wingi 2010, baada ya yule kijana wa Nigeria kujaribu kulipua ndege ya Detroit siku ya Krismasi 2009 kwa bomu alilolificha kwenye chupi, na kweli ofisa alikuwa anaona umbo la mwili. Baraza la fikihi la Waislamu wa Amerika Kaskazini likatoa fatwa Februari 2010, likasema heri kupapaswa. Zile za eksrei zikaondolewa 2013. Za sasa ni mawimbi ya redio, zinatoa kikatuni kilekile kwa watu wote na kiboksi cha njano pale panapotiliwa shaka. Kwa hiyo pima mwenyewe, mwingine kikatuni kinamsumbua kidogo kuliko mkono wa mtu.

Tangu Desemba 2015 maofisa wa Marekani wanaweza kumlazimisha abiria mmojammoja apite, ila wengi bado wanaruhusiwa kukataa. Ukipitia London pia unaweza kukataa tangu 2013, zamani ukikataa ulikuwa huruhusiwi kusafiri.

Kingine, ukishatua Marekani kwa kawaida utachukua begi na kukaguliwa upya kabla ya ndege ya Columbus, kwa hiyo usikate tiketi ya kuunganisha kwa saa moja. Na mwambie binti akuandikie kwenye karatasi kwa Kiingereza: sipiti kwenye mashine, naomba ofisa mwanamke na chumba. Ioneshe kabla hujaingia, si ukiwa ushanyanyua mikono.